Bi. Nesta Simbeye na Mwangwi Ulionuna

Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, Bi. Nesta Simbeye anastaafu baada ya kuitumikia Karakana ya Sauti Njema, hapa Tunduma, kwa miaka ishirini na tisa. Nimepewa mimi kazi ya kuandika wasifu wake kwa kuwa nakaa mapokezi, na kukaa ndilo jambo pekee ambalo yeye hakuliweza tangu aajiriwe.

Wasifu huu ulitakiwa ufike kwa mpiga chapa wiki mbili zilizopita. Umechelewa kwa sababu mstaafu mwenyewe alitutangazia kwamba haagwi mtu hapa wakati kuna amplifaya imemshinda. Turubai limeshakodiwa, mpishi ameshaambiwa, mgeni rasmi amethibitisha, na mwenye sherehe anazunguka meza yake na bisibisi mdomoni. Nilikuwa nikiamka nawaza tutamuaga nani.

Bi. Nesta ni mzaliwa wa Isongole, wilayani Ileje. Alijifunza ufundi wa redio Mbeya, akaja Tunduma mwaka 1996 akiwa fundi mwanamke wa kwanza karakanani. Wateja, wa huku na wa Nakonde ng'ambo ya mpaka, walikuwa wakimpita mezani wakiulizia fundi yuko wapi. Yeye alikuwa akiwaelekeza nyuma ya jengo, kwenye banda la kuku la jirani, kisha anaendelea na kazi. Waliporudi walikuwa na adabu.

Kuhusu kukaa, mwaka fulani ofisi ilimnunulia kiti kizuri chenye magurudumu. Kiti hicho hadi leo kimebeba makopo ya skrubu. Analehemu amesimama, anakunywa chai amesimama, na kwenye vikao husimama mlangoni kama mtu aliyeacha mboga jikoni. Kwenye harusi moja ya Vwawa waya wa spika ulichomoka bibi harusi alipokuwa ndiyo kwanza anaingia. Bi. Nesta, ambaye alikuwa mwalikwa tu, alipenya nyuma ya spika na kitenge chake kipya, akaushikilia ule waya kwa vidole mpaka maharusi wakafika meza kuu. Kwenye picha za harusi ile anaonekana mgongo tu.

Sasa niseme habari ya mwangwi, maana ndiyo iliyotunyima usingizi.

Amplifaya nyingi za gitaa zina kisanduku cha bati chenye springi nyembamba ndani. Sauti ya gitaa inapita kwenye springi, zinatetemeka, na gitaa linasikika kama linapigwa ndani ya ukumbi mkubwa. Shida ni kwamba karakana yetu iko kando ya barabara kuu, kwenye foleni ya malori yanayokwenda mpakani. Lori likipita, springi zinatikisika zenyewe na spika inanguruma kama radi. Ndiyo maana Bi. Nesta, miaka mingi iliyopita, alituwekea sheria na kuibandika ukutani kwa herufi kubwa: LORI LIKIPITA, SUBIRI. Mafundi wote hunyanyua mikono, hungoja barabara itulie, ndipo hupima mwangwi. Mgeni akiingia wakati huo hudhani tuko kwenye sala.

Mwezi wa tatu Enoka, mpiga gitaa wa bendi za harusi, alileta amplifaya yake. Mwangwi unakuja na kupotea. Bi. Nesta akangoja malori, akapima, mwangwi ukaitika vizuri. Akalehemu upya sehemu zilizotia shaka, Enoka akaondoka nayo. Ikarudi. Akabadilisha transista, ikaondoka, ikarudi. Akabadilisha nyaya za nje za kile kisanduku, ikaondoka, na ikarudi tena. Enoka alisimama mbele ya meza yangu akasema, “Dada Imelda, mwambie Mama, hapa kwenu inaimba, kule kwetu inanuna. Dramu zikianza tu, kimya!”

Othmani, fundi wa meza ya pili, alimshauri Bi. Nesta airudishe hivyo hivyo, mtu umri wa kupumzika umefika. Alinyimwa chai siku mbili. Bi. Nesta hakuwa anatania: hakuna chombo kilichowahi kutoka mkononi mwake kikiwa kimemshinda, na hakutaka cha kwanza kiwe cha mwisho. Alikonda. Nami nilikuwa na hasira, sijui na amplifaya au na kalenda.

Jumanne iliyopita alikuwa anapima tena, barabara imetulia, mwangwi unaitika kama kawaida. Ghafla foleni ikafunguliwa, malori yakaanza kusogea. Othmani akanyanyua mikono. Bi. Nesta hakunyanyua, nadhani alikuwa amechoka hata kusubiri. Spika ikanguruma, ikanguruma, halafu ikakatika. Lori lilikuwa bado linapita, vioo vinalia dirishani.

Akapiga kelele, “We Othmani! Mbona imenyamaza na lori bado lipo?”

Alikifungua kisanduku pale pale. Ndani kuna waya mwembamba kama unywele unaotoka kwenye springi. Ulikuwa umekatika ndani ya ganda lake. Ukiwa umetulia, ncha zake zinagusana na mwangwi unapita. Ukitikiswa na lori, au na dramu za Enoka, zinaachana. Na sisi kwa miaka yote tulikuwa tunangoja utulivu ndipo tupime. Aliulehemu kwa dakika chache, akasimama kungoja lori jingine kwa hamu ambayo sijawahi kuiona kwa mtu yeyote wa Tunduma. Lilipopita, radi ilinguruma mwanzo hadi mwisho. Othmani alisema alhamdulillahi, mimi nililia, na Bi. Nesta akaenda ukutani na kalamu ya wino mzito. Akafuta neno moja katika sheria yake. Sasa inasomeka: LORI LIKIPITA, SIKILIZA.

Mama, asante kwa mikono yako, kwa ukali wako, na kwa kutufundisha hata wiki ya mwisho. Unarudi Isongole, ambako ulituambia kimya chake kinakutisha kuliko uzee. Ijumaa Enoka atakupigia gitaa kwa amplifaya ile ile, na tumekubaliana milango ya upande wa barabara ibaki wazi. Tumekuwekea kiti cha mbele kwa ajili ya heshima tu. Tunakuombea afya, na siku zenye kishindo cha kutosha. Na huku kwetu, spika ikinguruma, tutageuka kuangalia meza yako.

Imelda, Mapokezi