Sahani Moja ya Mama Fidélie

Mama Fidélie Ngoie alizaliwa tarehe 14 Juni 1966 huko Shituru, mjini Likasi, katika nyumba za kampuni ya madini, mtoto wa kwanza wa familia yake. Alipozaliwa mdogo wake, Mélanie, Fidélie aling'ang'ania mgongo wa mama yao akakataa kushuka. Alichokipenda hakukigawa.

Alisoma shule ya parokia, kisha akajifunza ushonaji kwa masista hadi mwaka 1985. Watoto wengi wa Likasi walikwenda shule wamevaa kazi ya cherehani yake.

Tarehe 19 Agosti 1989 alifunga ndoa na Gracien Kapend, fundi wa reli. Kila shati la mumewe alilitia uzi mwekundu ndani ya kola, ili mwanamke atakayelishika ajue lina mwenyewe. Baba Gracien alicheka, akavaa. Tangu jioni ya harusi walikula sahani moja, wakitazamana.

Mwaka 2018 alishindwa kuona tundu la sindano. Hospitalini walikuta sukari iko juu, na mafuta ya damu, yale yanayoitwa trigliseridi, nayo yamepanda. Daktari alimpa dawa, akamwagiza atembee kila siku, aache soda, apunguze bukari, yaani ugali, na mawese, tena apakuliwe chakula chake peke yake ili akione kipimo. Dawa alikunywa. Kutembea alitembea. Sahani ya peke yake aliikataa. Mélanie alipomwekea, aliisukuma.

“Kama nakula pembeni,” alisema, “ni nani atakaa mbele ya bwana yangu?”

Akaendelea kumega pamoja na mumewe, na mkono uliozoea kushiba haukujua kipimo. Vipimo vilivyofuata vilikuwa vibaya zaidi, na daktari alimwonya kwamba macho yataondoka.

Jioni hiyo Baba Gracien aliingia jikoni mwenyewe. Katika sahani yao ileile aliweka vipande viwili vidogo vya bukari, sawasawa, na katikati akapanga mboga za lenga-lenga kama mpaka.

“Huu upande ni wako, mama. Huu ni wangu. Sahani ni moja.”

Hivyo ndivyo walivyokula tangu siku hiyo. Sukari ilishuka, mafuta ya damu yakafuata, na uzi ukaingia tena kwenye sindano. Ila Baba Gracien naye alikonda, akina mama wa parokia wakamsifu kwamba amerudia ujana. Fidélie akakataa kumpunguzia suruali. Miezi mingi mumewe alikwenda misa ameshika mkanda.

Lakini figo zilikuwa zimeumia tangu wakati ule wa ubishi. Mwezi wa Januari 2025 alilazwa, na tarehe 9 Machi, alfajiri, alituacha. Siku moja kabla, alimvuta mumewe kwa kola, akapapasa uzi wake.

“Usiache mutu akae pa nafasi yangu.”

“Miye mwenyewe nitakaa pale,” alijibu Baba Gracien.

Ameacha mume, watoto watatu, Bénie, Placide na Plamedi, wajukuu watano, na mdogo wake Mélanie. Jana, walipomletea Baba Gracien chakula, alizunguka meza akakaa upande wa Fidélie, akala nusu ya sahani, akaacha nusu.

Nafasi yako ina mtu, Mama Fidélie. Lala kwa amani, bila wivu.