Nimeokoka, na Glasi Yangu Bado Ipo Mezani

Bwana asifiwe! Asifiwe hata na nyie wa kule nyuma mlionuna tangu mchungaji aliponiita mbele. Nawaona. Mkimaliza kununa mtaniambia, mie niko hapa hapa.

Kwa wasionijua, naitwa Mama Doreen, nakaa Kawe, napika kwenye shughuli za watu. Ndugu zangu, miezi mitatu iliyopita nilisimamishwa kwaya na nikazuiwa kushiriki Meza ya Bwana, kwa sababu ya chupa sita za waini zilizoonekana kwenye shimo langu la taka. Mzee wa kanisa aliyeziona yuko humu ndani, jina lake silitaji. Shikamoo, mzee. Nakuheshimu, na ninachokisema leo nakisema nikiwa nakutazama usoni. Zile chupa zilikuwa zangu. Nilizinywa mie na wageni wangu, na tutakunywa nyingine. Ngojeni, msianze kuguna! Mchungaji alikuja nyumbani, akasoma lebo, akaonja, akaniambia nije niseme mwenyewe. Basi naomba mnisikilize mpaka mwisho.

Mie ni Mgogo. Nimekulia kwenye shamba la zabibu la baba yangu, nje kidogo ya mji wa Dodoma. Nikiwa mdogo nilikuwa nikiinamisha pua kwenye pipa na kumwambia baba kama divai imeanza kuharibika, na sikuwa nakosea. Mungu alinipa pua na ulimi. Shetani akaona zawadi hiyo, akaitaka.

Nilipokuja Dar nikapata kazi jikoni kwenye hoteli moja ya Mbezi Beach. Glasi zilikuwa zinarudi kutoka mezani zikiwa na mabaki ya waini, na mie nilikuwa nazimalizia kabla ya kuziosha. Nilianza kwa kuonja. Baada ya mwaka nilikuwa nakunywa mate ya watu nisiowajua, wengine wamezimia sigara humo humo! Nikafukuzwa kazi. Waini bei ikawa haishikiki, nikahamia kwenye gongo, pombe ya kienyeji. Ndugu zangu, gongo haina ladha wala haiendi na chakula chochote. Inakwenda na kaburi.

Niwaambie jambo moja tu la enzi hizo, mengine yote yanafanana nalo. Binti yangu Doreen alipopata kipaimara alikuwa na miaka kumi na minne. Nilisema pilau nitapika mwenyewe, mie mpishi bwana, mtu asiniguse! Wageni wamekaa chini ya turubai, mie natoka na sufuria kubwa, miguu ikakataa. Nikaenda chini na pilau lote likamwagika. Nikiwa nimelala pale nilimwona mwanangu, na gauni lake jeupe la kipaimara, amepiga magoti anazoa wali kwa sahani, anachagua nyama zisizo na mchanga ili watu wale. Hakulia. Afadhali angelia.

Na sikuacha! Nilikunywa miaka saba mingine. Siku Doreen alipohama nyumbani aliniambia, taratibu kabisa, "Mama, siku nikiagwa kwenda kuolewa utakuja kama mgeni mwalikwa. Meza kuu atakaa mama mdogo." Alikuwa ameshapanga. Mtoto wangu wa pekee, niliyemzaa kwa uchungu, alikuwa ameshatafuta mtu wa kukaa kwenye kiti changu.

Siku hiyo nilipiga magoti jikoni katikati ya masufuria. Sikuwa na sala ya kupendeza. Nilisema, "Mungu, nitoe humu au nichukue." Siku ya pili nilianza kutetemeka mpaka meno yanagongana. Jirani yangu Bi Saumu, mama wa Kizaramo, Mwislamu wa swala tano, ndiye aliyenibeba mpaka zahanati. Kisha akakaa na mie siku nne na uji wake. Akaniambia, "Wewe muombe kwako, mie namuomba kwangu, ila huu uji utakunywa." Nikaunywa. Kiu ya pombe ikakatika, ndugu zangu! Sasa ni mwaka wa sita, na Bwana ndiye aliyefanya.

Sasa sikieni sehemu ambayo wengi hamuipendi.

Nilipoacha pombe niliogopa mpaka chakula. Nikienda kwenye shughuli natafuta kona, napewa soda, nakaa nayo na pilau zuri la mtu. Sukari ile inaua kila kitu. Huisikii iliki, huisikii mdalasini, unamaliza sahani kama unatimiza adhabu. Nikawa najiuliza: hivi Mungu amenitoa utumwani ili nile kama mfungwa? Ulimi huu alinipa nani?

Halafu siku moja, kwenye duka kubwa la Mbezi Beach, nikaona waini iliyotolewa kilevi. Nilisoma lebo mara tatu. Sikununua. Nikaenda kumuuliza daktari wa zahanati, nikamuuliza na Mungu kwa wiki mbili. Na niwaambie wazi nyie mliotoka huko nilikotoka: kwa mwenzangu mwingine harufu tu ni mtego. Kama ni wewe, usiiguse. Mie nilijiwekea sheria, na sijaivunja mpaka leo. Sinywi peke yangu, na sinywi bila sahani. Lazima kuwe na chakula na mtu mwingine mezani.

Nikaanza kujifunza, na nikakosea. Waini hiyo ni nyepesi na ina utamutamu. Nyekundu niliinywa na samaki wa kupaka, ikawa kama nalamba kijiko cha bati! Nikachukua nyeupe, ikiwa baridi sana, na samaki changu wa kuchoma mwenye ndimu na chumvi, wakaelewana. Ile yenye povu nikaipa sambusa, kwa sababu povu linaondoa mafuta mdomoni na unataka sambusa nyingine. Nyekundu nikaipoza kidogo kwenye friji, nikaipeleka kwenye mishkaki yenye pilipili, na hapo nilicheka kwa sauti. Pombe huwa inachochea pilipili, mdomo unawaka moto. Hii haichochei. Yaani chakula chetu cha pilipili kinaipenda hii kuliko ile iliyokuwa inaniua! Mungu ana ucheshi, ndugu zangu.

Bi Saumu alikuwa anakaa na mie mezani siku zote za majaribio. "Mie chupa yako siigusi, bibie, hata waandike nini. Nipe ukwaju wangu," anasema. "Ila huyo changu msogeze huku." Hakuwahi kunicheka wala kunipima. Ningependa baadhi yetu humu ndani tujifunze kwake.

Mwaka jana Doreen akapata mchumba, kijana mzuri, familia ya Moshi. Nilimwomba mwanangu kitu kimoja: nikae kwenye kiti changu siku ya kumuaga. Akasema, "Sawa, Mama. Lakini ukigusa pombe hata tone, ndiyo mwisho wetu." Nikamwambia meza kuu yote nitaipangia chakula na waini isiyo na kilevi, sambusa na ile ya povu, changu na nyeupe, ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, na nyekundu. Nilitaka nigonganishe glasi na wakwe zangu kama mama mwingine yeyote, nikiwa na akili zangu.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mdogo wangu Festo. Mnazijua kamati zetu. Mtu yuko tayari kufa kuliko wakwe waseme ukumbi ulikuwa hafifu. Festo alinikubalia kila kitu, kumbe moyoni anaungua. Wageni wa Moshi, wapewe shampeni isiyo na pombe? Aibu hiyo ataificha wapi? Basi bila kuniambia akatafuta shampeni yenyewe, akaiviringishia kitambaa cheupe kuanzia shingoni mpaka chini, akaiweka kwenye ndoo ya barafu mahali pa yangu. Alidhani ananisitiri. Alidhani sitajua.

Jioni ile emsii akatuita mbele, mama mzazi na mama mkwe, tufungue shampeni. Kizibo kikaruka, watu vigelegele. Wakatumiminia. Tukapitishiana mikono kama ilivyo desturi, glasi yangu ikawa karibu na mdomo. Nikavuta pumzi.

Ndugu zangu, niliijua. Kabla sijawaza nilishaijua. Na nisiwadanganye nikiwa nimesimama mahali patakatifu: mate yalinijaa mdomoni. Mwili wangu wote uliitaka ile glasi. Mwaka wa tano wa wokovu, na mkono haukutaka kushuka! Emsii anapiga kelele kwenye kipaza sauti, "Mama, usituangushe! Mama, twende!" Watu mia tatu wanapiga makofi. Nikainua macho nikamwona Doreen amesimama kwenye kiti chake. Ameona glasi haishuki. Alikuwa na uso ule ule wa siku ya kipaimara.

Nikasema kimoyomoyo, "Yesu, mkono huu ni wako, uushushe." Ukashuka! Haleluya, ukashuka! Nikaiweka glasi chini, nikamnyang'anya emsii kipaza sauti. Nikasema, "Jamani, hii ina pombe. Mie nilikuwa mlevi. Nililewa mpaka nikamwaga chakula cha kipaimara cha huyu binti mbele ya watu. Mungu ameniokoa, na siinywi. Anayeona nimemwaibisha, anisamehe au asinisamehe."

Dijei alizima muziki mwenyewe. Festo ameinamisha kichwa. Doreen akaja mbele na gauni lake, akaichukua ile glasi, akainusa, hakujua tofauti. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, una uhakika?" Nikamwambia, "Nina uhakika." Akaimwaga yote kwenye ndoo ya barafu. Hakuuliza mtu mwingine.

Nikamgeukia mama mkwe, nimejiandaa kutukanwa. Yule mama akaweka ya kwake mezani, akasema, "Mwenzangu, si ungesema? Mie sukari na presha, pombe nilishakatazwa zamani, hapa nilikuwa najikaza tu kwa ajili ya heshima. Wewe unakunywa ipi? Nipe hiyo." Nikaletewa yangu. Tukagonganisha. Ndafu ilipokuja nikamwonyesha aanze na kipande chenye pilipili, kisha nyekundu ya baridi. Akala mpaka akavua viatu chini ya meza.

Festo nilimsamehe kesho yake. Nilimkaripia kwanza, lakini nilimsamehe.

Tangu hapo, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mchana, napika nyumbani kwangu kwa ajili ya watu walioacha pombe au wanaojaribu kuacha. Wasiotaka kugusa waini hata hiyo wanakunywa ukwaju wa Bi Saumu. Tunakula, tunaomba, tunaambiana ukweli. Chupa sita za shimoni zilitoka hapo. Watu tisa walikula siku hiyo, mzee wangu, na wawili kati yao wamekaa safu ya tatu, mbele yako kidogo. Kama kuna mtu anaona meza ile ni dhambi, aniondoe kwaya tena. Nitaimba jikoni. Sitaiondoa meza!

Nimalizie. Doreen amejifungua, mjukuu ana miezi minne. Wiki iliyopita dada yake wa kazi aliondoka ghafla, na likizo ya uzazi imekwisha. Asubuhi na mapema nikasikia hodi. Doreen alisimama mlangoni, mtoto kifuani, begi la nepi begani. Sasa, kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Tangu akiwa mdogo, Doreen akinikumbatia huwa anavuta pumzi kidogo kwanza, karibu na mdomo wangu. Ananipima. Hata miaka hii ya wokovu, hata siku ya harusi yake. Sijawahi kulalamika, nilistahili.

Siku hiyo hakuvuta pumzi. Alinipa mtoto, akasema, "Mama, nimechelewa, maziwa yapo kwenye begi," akakimbia barabarani. Nilibaki pale mlangoni na mjukuu wangu, nalia kama mwehu.

Asante Yesu. Wewe uliyejificha leo katikati ya watu na harufu ya jana bado iko kwenye nguo zako, nakusemesha wewe. Mimi siogopi kukaa na wewe. Mwamini Mungu huyu mara moja tu, leo, halafu uje kwangu Kawe Jumamosi, uliza kwa Mama Doreen mpishi. Hutahubiriwa kabla ya kula. Njoo na njaa.