Fundi Sikio Anamwacha Shangazi Akipanda Kilima

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika gereji ya hospitali yetu, Fundi Sikio anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Ofisi ilitaka karani ndiye aandike haya, nikakataa. Karani anajua kupiga chapa, lakini giaboksi haijui, na gari hajawahi kulisukuma. Mimi dereva mkuu nimemwendesha huyu bwana kwenye kila barabara ya mji huu. Kama kuna herufi imekaa vibaya, msomaji aisogeze mwenyewe aendelee.

Alianza kama mwosha magari. Siku zile tulikuwa na magari ya gia za mkono tu, na madereva walikuwa madereva, wa kwanza wao mimi. Kisha tukaletewa gari la wagonjwa la otomatiki, gia zinajibadilisha zenyewe. Mafundi wakalikwepa kama mtu mwenye tetekuwanga. Sikio akaifungua giaboksi, akaifunga, nati mbili zikabaki mkononi, akaifungua tena, mpaka wakaelewana. Gari hilo ndilo Shangazi. Tulimwita hivyo kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba amezeeka.

Namna yake ya kazi iliwachekesha watu. Hakushika spana kabla hajapanda gari. Alikaa kiti cha nyuma, akafumba macho, akaniambia niendeshe kama siku zote, nisijitie adabu kwa ajili yake. Alisikiliza gia inavyoingia: imechelewa, imegonga, au imeteleza. Siku moja muuguzi mgeni alimkuta amefumba macho vile, akamtia kipimajoto kwapani. Alikaa nacho kwa utulivu, halafu akamwarifu kwamba homa hana, ila gia ya tatu inachelewa. Jina la Sikio lilianzia hapo, na aliyempa ni mimi.

Mvua zilipoanza mwaka huu, Shangazi akaanza vituko. Tambarare anakwenda vizuri. Akifika kilima cha hospitali injini inanguruma, gari halisogei, kisha gia inaingia kwa kishindo mpaka wagonjwa wanashikana. Na wagonjwa wenyewe ni watu wa bondeni wanaokuja kusafishwa figo, hawana gari jingine lenye nafasi ya viti vya magurudumu. Siku tuliyokwama katikati ya kilima, bibi mmoja alipandishwa kwa kusukumwa, mvua inamnyeshea. Mganga Mkuu akasema basi. Gari lipande Ijumaa ya wiki ile likiwa limejaa, au liuzwe chuma chakavu na watu wa bondeni wahamishiwe hospitali ya mbali. Sote tulijua wengine wao wasingefika huko.

Sikio alisema mbele ya kikao, kwa kinywa chake, kwamba giaboksi ni nzima. Hiyo ni kauli nzito kwa mtu anayekaribia kuaga. Akashusha sampu, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, hakukuta vipande vya chuma. Oili ilikuwa nyekundu, haijaungua. Akabadilisha filta, akajaza, akapima, kijiti cha oili kikaonyesha imejaa. Tukapanda kilima, injini ikanguruma palepale. Akapima tena, imejaa. Nikamwambia sikio la kufa halisikii dawa. Akacheka, lakini kwa meno ya mbele tu.

Oili ya giaboksi ya Shangazi hupimwa injini ikiwa imepata moto na inazunguka, gari likiwa limesimama sawasawa. Kwa ajili hiyo Sikio alikuwa na mstari mweupe aliouchora sakafuni, na ukipima nje ya mstari anakutolea macho. Mwaka jana gereji ilipomwagwa sakafu mpya, akauchora tena palepale.

Alhamisi, siku moja kabla ya mtihani, mkewe, shemeji yetu wa idara ya dobi hapa hospitalini, alimletea beseni la maji ya sabuni anawe. Akalitua juu ya mstari. Maji yakafika ukingoni upande mmoja na kumwagika, upande wa pili yako chini kwa upana wa kidole. Shemeji akasonya.

"Baba wee, hapa hata beseni halikai. Mnafanyaje kazi kwenye mteremko?"

Sikio akabaki na sabuni mikononi. Sakafu mpya ilikuwa imeinamishwa kuelekea mtaroni ili maji yatoke. Shangazi akisimama pale pua iko chini, oili inakimbilia mbele kwenye kijiti, kijiti kinasema imejaa. Kilimani pua inapanda, oili hiyo kidogo inakimbilia nyuma, pampu inanyonya hewa, gia zinateleza.

"Nimepima mstari," alisema, "sikupima sakafu."

Tukampeleka Shangazi kwenye lami iliyolala sawa mbele ya jiko. Akaupitisha mkono wa gia kila mahali taratibu, akachomoa kijiti. Kimelowa ncha tu. Akafuata oili iliyopotea mpaka kwenye kiungo cha bomba la kwenda kwenye rejeta: inavuja tone moja moja, na mvua inaosha alama zote. Akakaza, akajaza, akapima.

Ijumaa tulipakia dobi nzima na jiko zima. Mpishi alisema gari likimpandisha yeye, limeipandisha hospitali. Mganga Mkuu akakaa mbele. Nikaendesha mimi, na sisemi kwa kujisifu, lakini mguu kama wangu kwenye pedeli hamtaupata. Gia ikashuka hadi ya pili kama ufunguo kwenye kufuli lake, tukapanda bila kishindo. Nilipozima injini juu, Mganga Mkuu alifungua mlango.

"Jumatatu wachukueni watu wa bondeni," akasema.

Shemeji akamwambia mumewe amrudishie beseni lake.

Tangu hapo hakuna siku Shangazi amekwama. Gereji inabaki kwa dada yetu fundi wa breki, ambaye Sikio amekuwa akimkalisha kiti cha nyuma na kumfumbisha macho mwaka mzima. Juzi aliisikia gia ya tatu kabla yangu, jambo ambalo halikuwahi kutokea hapa. Mstari mpya uko mbele ya jiko. Mpishi amenuna, lakini kuni amehamisha.

Asante, ndugu yangu, kwa kila asubuhi uliyolala chali chini ya gari ili mtu usiyemjua afike kwa daktari. Asante, shemeji, kwa kutuazima huyu mume. Mimi sistaafu leo wala kesho, waje na kreni. Tunawaombea afya, usingizi mzuri, na siku ndefu zisizo na haraka. Na siku mwili ukikusumbua, usihangaike kutafuta usafiri. Piga simu gereji. Nitakuja mwenyewe na Shangazi, na kilima tutakipanda.