Safari ya Shemeji Ilivyopunguzwa Benchini

Mimi sikusimuliwa. Nilikuwepo mwanzo hadi mwisho, nimekaa ncha ya benchi pale msumari ulipotokeza, kwa hiyo hata ningetaka kusinzia nisingeweza. Atakayekupa habari hii kwa namna nyingine, mwulize yeye alikaa wapi. Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, kitasa bado kipo, umeegemea ukuta wa kinyozi. Ng'ambo ya kichochoro ni kibanda cha Futi, fundi cherehani, na nyuma ya kibanda ndiyo nyumba yake. Birika la kahawa hukaa katikati yetu juu ya makaa, na mwenye birika tunamwita Shangazi. Shangazi wa nani, hatujawahi kuuliza.

Jina la Futi limetokana na utepe wa kupimia, ambao hauondoki shingoni mwake hata msibani. Siku alipooa, mbele ya wakwe, mdomo ulimponyoka akaahidi kumpeleka mkewe Nchi Ile. Hatuitaji kwa jina. Pale kijiweni Nchi Ile ni moja tu. Mpira wao ndio tunaoutazama, nyimbo zao tunaziimba bila kujua maana, na kinyozi amebandika ukutani milima yao yenye theluji, kaikata kwenye kalenda iliyokwisha zamani. Watoto wa Futi wamezaliwa, wamekua, wameoa na kuolewa, ahadi imebaki imetundikwa kama gauni ambalo mwenyewe hakuja kulichukua. Lakini siku ninayoisimulia Shemeji, ndivyo tunavyomwita mkewe, alikuwa na hati ya kusafiria, nywele kasuka, begi liko mlangoni. Walikuwa waondoke wiki iliyofuata.

Asubuhi hiyo Futi alivuka kichochoro, akapokea kikombe, akashusha sauti ili Shemeji asisikie.

— Jamani, mtu wa hali yangu anaizungukaje nchi ile bila kurudi amevaa gunia?

— Hapo umemfikia mwenyewe, alijibu Breki, dereva wa lori aliyestaafu. Nchi ile naijua nje ndani.

— Nje tu, alidakia Redio. Huyu ndiye kinyozi, na jina lake halihitaji maelezo. Ulishusha mzigo mpakani ukageuza lori.

— Mpakani si ndipo nchi inapoanzia? Miti yao nimeiona. Hewa yao nimeivuta, upepo ulikuwa unatokea kule. Wewe umevuta nini zaidi ya nywele za watu?

— Haya, mwambie basi.

— Kwanza, Futi, msiguse hoteli. Chukueni jiko dogo la mafuta ya taa, unga, maharage. Shemeji anapika popote penye kivuli.

— Jiko na unga nimeshaviweka kwenye begi, alisema Futi, na moyo wake ukatulia kidogo. Kumbe hakuwa mjinga peke yake.

— Chakula si kitu, alisema Redio. Kinachommaliza msafiri ni malazi. Panda basi la usiku. Kiti ndicho kitanda. Mkiamka mmefika mji mwingine, nauli na chumba mmelipa mara moja.

— Na mchana?

— Mchana mnapumzika stendi. Shemeji anafua viwili vitatu, anaanika kwenye uzio.

— Stendi watawafukuza, alisema Breki. Waende hospitali. Ukumbi wa kusubiria una viti vya sponji, feni na maji ya bure. Nani atamsumbua mtu mwenye uso wa majonzi? Shemeji ajifunike mtandio, alie kidogo.

— Amlilie nani?

— Mgonjwa.

— Mgonjwa gani, Breki?

— Nchi kubwa vile, mgonjwa atakosekana?

Shangazi alicheka mpaka kahawa ikamwagikia makaa, moshi ukapanda. Redio hakukubali kuachwa nyuma.

— Sikiliza, Futi. Wewe ni fundi. Jishonee suti, ingieni arusini. Upande wa bibi arusi watajua ninyi ni wa bwana, upande wa bwana watajua ninyi ni wa bibi. Unakula, unacheza, unapewa na cha kubeba.

— Wakituuliza kadi?

— Shemeji apitie jikoni. Mwanamke anayeosha masufuria ukamwulize kadi, una wazimu?

Futi alikuwa anatikisa kichwa, anaipunguza safari yake kichwani kama anavyopunguza suruali: hapa ondoa chumba, hapa kunja mlo, hapa toa mchana mzima. Vidole vyake vilikuwa vinachezea utepe shingoni bila yeye kujua. Muda huo alifika mtu tusiyemjua, fundi vioo, na kioo cha dirisha mikononi. Aliuliza nyumba fulani, Shangazi akamwambia mwenyewe hajarudi, keti unywe. Akaketi na kioo chake magotini, kwa sababu benchi lina kila kitu isipokuwa mahali pa kuegemeza kioo.

— Lakini tunazunguka mbuyu bure, alisema Breki. Safari hii ina gharama moja kubwa, nanyi hamtaki kuitaja.

— Ipi?

— Nauli mbili.

Ng'ambo, Shemeji alikuwa mlangoni anapiga pasi nguo za wateja.

— Nenda wewe, aliendelea Breki. Tazama vizuri, piga picha, rudi umsimulie. Ukijua kusimulia ni sawa na yeye kafika.

— Kama ni hivyo, Futi naye aende kufanya nini? aliuliza Redio. Milima si ninayo ukutani? Nawawekea viti viwili, nawasha feni usoni, hiyo ndiyo theluji. Breki anakuwa mwenyeji wao. Jioni wanavuka kichochoro, wamerudi salama!

Tulicheka wote. Futi pia alicheka, kisha kicheko kikamwishia njiani. Alikumbuka suruali aliyowahi kuipunguza, akapima tena akapunguza, akaona upande mmoja umezidi akapunguza, mwishowe akamkabidhi mteja kaptura. Mteja yule hakupiga kelele. Aliishika tu mkononi, akamtazama.

— Samahanini wakubwa, alisema fundi vioo. Mimi mpita njia. Huyo mama, yeye anataka kuona nini huko?

Redio aligeuka akaitazama milima yake ukutani.

— Wahenga walisema... alianza Breki, akasimama hapohapo, akiwatafuta wahenga wake huku na huku.

— Waache wapumzike, alimkata Shangazi. Umeulizwa swali.

— Anataka kuona... vitu. Vitu vya wanawake.

— Vipi hivyo?

— Vile.

— Nimeuliza kwa mazoea ya kazi tu, alisema fundi vioo, karibu kuomba radhi. Kabla sijaweka dirisha humwuliza mwenye nyumba anataka kutazama nini. La sivyo unaweza kumfungulia choo cha jirani.

Macho yetu yakamgeukia Futi. Futi anamjua mkewe bega, kiuno na urefu wa mkono, anamshonea bila kupima. Hili alilitafuta kichwani, akalitafuta tena, hakulikuta. Miaka yote ahadi aliitoa yeye, akaichelewesha yeye, na sasa alikuwa anaipunguza yeye. Akasimama, akavuka kichochoro.

— Kikombe changu, Futi! alipiga kelele Shangazi.

Hakusikia. Alisimama mbele ya meza ya pasi.

— Mama Watoto.

— Abee.

— Kule tunakokwenda, wewe unataka kuona nini?

Shemeji alisimamisha pasi.

— Leo ndiyo unaniuliza?

— Leo.

Alikunja shati la mteja, akalilainisha kwa kiganja, ndipo akajibu.

— Milima nimeiona kwa Redio. Mimi nataka kulala kitanda ambacho sikukitandika. Asubuhi niamke nikiache vilevile, shuka limejikunja, mto uko chini, nitoke zangu. Nikirudi nikute kimetandikwa, na aliyekitandika simjui wala hanijui.

— Hicho hata hapa mjini si kipo?

— Hapa? Hapa nikisikia sufuria inagongwa kwa jirani, mwili unainuka wenyewe. Nataka kwenda mbali mpaka sufuria inayogongwa isiwe yangu. Siku moja inatosha, baba. Zilizobaki nipitishe unakotaka, hata stendi nitalala.

Futi alibaki ameshika kikombe kitupu. Kisha akapiga magoti kwenye begi, akalifungua, akatoa lile jiko, akatoa na unga, akavuka navyo na kuviweka benchini katikati yetu.

— Shangazi, vikae kwako mpaka turudi.

— Sasa mtakula nini? aliuliza Breki.

— Tutakachopikiwa.

— Na mtalala wapi?

— Kitandani, Breki. Watu hulala kitandani.

Fundi vioo alikuwa ameshaondoka na kioo chake. Shangazi aliinamisha birika, likatoa matone na mashapo ya kahawa. Hakuna aliyedai kikombe kingine.

Walikwenda, wakarudi, na Shemeji akamletea Redio kalenda mpya. Hayo yote niliyaona kwa macho yangu haya, ila jambo moja. Maneno ya Shemeji pale kwenye pasi sikuyasikia. Redio alikuwa amewasha mashine ya kunyolea, nikaona midomo tu inacheza, na Futi mpaka leo hajatuambia. Habari ya kitanda niliitia mwenyewe. Lakini sikuiokota hewani. Siku ileile nilitoka benchini nikaenda moja kwa moja nyumbani, nikamwuliza mke wangu swali la yule fundi vioo. Alinijibu bila kugeuka, anatandika.