Tambarare Aliyopewa Chimba-Chimba

Ndugu na majirani mliofika kumsindikiza, haya ni maisha ya baba yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Chimba-Chimba, yameandikwa na wanawe na yanasomwa na bintiye wa kwanza.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, katika nyumba iliyo nyuma ya ghala la machungwa, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa mkulima wa michungwa, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, akafaulu kuendelea, ila ada ilikuwa ya mtoto mmoja, naye akamwachia kaka yake. Mwaka 1967 aliajiriwa katika kiwanda cha juisi, kitengo cha kuosha matunda, na tarehe 10 Agosti 1974 alifunga ndoa na mama yetu, wakajaliwa watoto watatu, mama akizoea kulalamika kwamba ameolewa uke wenza na mchungwa, na kwamba mwenzake ndiye anayepelekewa maji kila jioni.

Babu alipofariki, Novemba 1983, michungwa yake iliyozeeka ilikatwa na shamba likagawanywa, ndipo baba mkubwa, kaka pekee wa marehemu, aliposema mbele ya wazee kwamba yeye ataridhika na kilima chenye mawe, ambacho hakijawahi kupandwa kitu, ili mdogo wake achukue tambarare ya babu iliyo karibu na maji. Watu walimsifu, na baba akamshika mikono yote miwili, akalia kwa shukrani, akaacha kazi kiwandani.

Alipanda michungwa mara tatu, mwaka 1984, 1989 na 1995, kwa miche ya kitalu kilekile alikonunua kaka yake, na kila mara miche ilidumaa, majani yakageuka manjano, mizizi ikang'olewa ikiwa myeusi, huku kule kilimani matawi yakiwekewa miti ya kuyaegemeza kwa uzito wa matunda. Akadhani kosa ni mashimo, akachimba mapana zaidi, akajaza samadi, hapo ndipo alipopata jina lake, watu wakicheka kwamba hana mkono wa miti, na baba mkubwa akicheka pamoja nao.

Mwaka 2001 alipeleka udongo kwa mama mmoja wa maabara, naye akamweleza kwamba palipokaa michungwa miaka mingi udongo hujaa kuvu na vijiminyoo visivyoonekana kwa macho, vinavyokula mizizi ya aina hiyo, haviui mti mkubwa lakini humaliza mche mchanga, hivyo ardhi ilitakiwa ipumzishwe kwa mazao mengine. Kisha akashangaa kwa nini anauliza tena, maana hayohayo alishamweleza kaka yake, aliyeleta udongo wa shamba hilohilo babu akiwa bado mgonjwa.

Baba alipanda kilimani siku hiyohiyo, akajibiwa kwamba hakuna aliyemlazimisha. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye alikuwa amekivaa miaka kumi na minane. Ilimuuma sana, na inatuuma hata sisi. Hakumshtaki mtu, alilima mahindi na maharage pale tambarare, akatulea, na walipokutana na kaka yake aliendelea kumpa shikamoo, kwa sababu ndivyo alivyolelewa.

Aliugua figo kuanzia Januari mwaka jana, akalazwa mara mbili, na mwezi uliopita baba mkubwa alikuja wodini kumwonea huruma, akasema wabadilishane mashamba, ili wajukuu wafaidi kilima, bila kutaja kwamba michungwa ya kilimani imezeeka na miche mipya aliyoipanda pale imedumaa. Baba akamwuliza kama na safari hii amepima udongo kwanza. Alifariki Jumanne, tarehe 14 Juni, saa kumi na moja alfajiri, sisi wanawe tukiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuvunia mahindi tukiwa hospitali, na wazee aliofanya nao kazi kiwandani, ambao mmefika leo wote mliobaki.

Jana, mbele ya kamati ya mazishi, baba mkubwa alisema marehemu alikubali kubadilishana. Shikamoo, baba mkubwa. Marehemu hakukubali, na sisi wanawe hatukubali.

Baba, jembe liache kwetu, pumzika kwa amani.