Hyacinthe na Agave Zake za Ruziba

Ndugu waombolezaji, majirani wa Nyakabiga, na ninyi wa hotelini, mi ninayesoma ni Melchior, muramu wa marehemu, yaani shemeji yake, kaka yake Léoncie aliyeachwa mjane, na haya hakuna mutu aliyenisimulia, niliyaona yote kwa macho yangu mawili, hata kuzaliwa kwake, ijapokuwa mi nilizaliwa miaka miwili nyuma yake.

Hyacinthe alizaliwa tarehe 14 Machi 1974, hapahapa Nyakabiga, baba yake seremala, mama yake mtengenezaji wa urwarwa, pombe yetu ya ndizi, ambaye alikuwa akizika ndizi mbichi siku tatu ndani ya shimo lililopashwa moto mpaka ziive. Aliingia shule ya msingi Septemba 1981, akamaliza 1987, akaenda sekondari, akaiacha Oktoba 1993, mwezi wa vita ambao wengi wetu tuliacha vitu vingi, na hapo siongezi neno.

Juni 1996 alianza kuosha gilasi katika hoteli moja kando ya ziwa, 2001 akawa barimani, na barimani kama yule Bujumbura haijapata, labda mi, kama ningeikubali ile kazi. Tarehe 9 Julai 2005 alimuoa dada yangu Léoncie, Mungu akawapa Kelly mwaka 2006 na Régis mwaka 2010.

Mwaka 2015 alikuja mteja mmoja, injinia wa Mexico, akamfundisha margarita, yaani tekila na ndimu, na chumvi iliyopakwa mdomoni mwa gilasi, akamfundisha paloma, tekila ndani ya soda ya balungi, na mishelada, bia yenye ndimu, chumvi na pilipili, ambayo nilipowaonjesha watu wa mtaa waliniuliza, "Melchior, hii ni bia ama ni supu?" wakaimaliza. Akiondoka alimwachia chupa iliyobaki nusu, na miche sita ya agave, mmea wa miiba ambao kiini chake ndicho kinatoa tekila, akamuonya asivune kabla ya miaka minane.

Hyacinthe aliipanda tarehe 12 Machi 2016 huko Ruziba, kwenye shamba la rafiki yake Shaabani, Muislamu asiyeonja pombe, aliyeipalilia miaka yote ile, naye Hyacinthe akaapa mbele yetu kwamba siku ya mahari ya Kelly wageni watakunywa margarita ya tekila yake mwenyewe. Mavuno aliyapanga Julai 2024. Aprili ya mwaka uleule ziwa likaingia shambani, likakaa. Nilisimama naye mule, maji yakimfika kiunoni, mi magotini kwa sababu ni mrefu, akapapasa chini, akatoa kiini kimoja kimelainika kama ugali wa jana, akasema, "Muramu, miaka minane." Kile kimoja alikibeba mpaka nyumbani, akakizika shimoni siku tatu kama ndizi za mama yake, maana moto mwingine hakuujua, kikatoa harufu ambayo majirani walikisingizia choo, na yeye akakaa pembeni ya lile shimo mpaka Léoncie akamshika mkono.

Novemba 2024 figo zikaanza kugoma, waganga wa hospitali wakamkataza pombe na chumvi, mutu aliyeishi kwa pombe na chumvi. Jumatano tarehe 17 Septemba 2025, daktari alipoona hakuna tena la kukataza, alituruhusu tumuonjeshe, nikaleta kidole cha mwisho cha tekila ya ile chupa ya injinia, nikamlowanisha midomo, akafumbua macho, akasema, "Na chumvi, muramu?" Saa nne asubuhi akatutoka.

Tunawashukuru madaktari na manesi, majirani mliolala nasi kwenye msiba, wenzake wa kaunta, na Shaabani, ambaye jana alikuja na jani moja kavu la agave, tukaliweka ndani ya sanduku la marehemu.

Léoncie, nisamehe. Ulienda nyumbani kupika, ukaniachia zamu ya kukaa naye, nikatoka kwenda sokoni kutafuta ndimu, maana nilitaka iwe margarita kamili, nikakutana na watu, nikapiga stori. Niliporudi kitanda kilikuwa kimeshatandikwa. Lile neno la chumvi ni langu, nililitunga nikiwa pale korido, chupa mkononi. Apana, hakusema kitu, na kama alisema, hakukuwa na mutu wa kumsikia.

Pumzika, muramu, mi ndiye nitakayekosa usingizi.