Papa Balagizi na Kiti Ambacho Hakuna Aliyekikalia

Ninyi mliofanya kazi hapa zamani, mkahamia Kigali na Bukavu, mkanyamaza kama karakana hii imezama ziwani, hamuoni haya? Mpaka mualikwe kwenye sherehe ndipo mkumbuke njia ya Nkanka. Haya, kaeni. Someni polepole, maana mnayemuaga si muntu wa kusomwa mbiombio.

Papa Balagizi anastaafu tarehe thelathini mwezi huu wa sita, baada ya miaka thelathini na minne. Alifika kutoka Bukavu akiwa kijana mwembamba mwenye shati moja zuri. Mwenye karakana wa wakati ule, marehemu baba wa bosi wetu Damascène, alimpa kazi ya sukani za boti za wavuvi. Baadaye zikaja za malori. Kisha Damascène mwenyewe akasema atajenga ndege, hapa hapa kando ya ziwa, ndege ndogo ya viti viwili. Soko zima lilimcheka. Papa Balagizi hakucheka. Aliuliza tu nani atafunga viungo vya usukani.

Mnajua tabia yake. Akija kwako kahawa inapoa, yeye anatikisa mlango kuona kama bawaba imelegea. Siku ya harusi ya mwenzetu Niyonshuti alisikia usukani wa gari la bibi harusi ukigonga, akaingia chini ya gari na suti yake. Wakwe walinuna, padiri akangoja, wapishi wakafunika vyungu. Bibi harusi alichelewa, lakini alifika.

Katika ndege, kazi yake ilikuwa mabomba yanayotoka kwenye fimbo ya rubani mpaka kwenye kibawa cha mkia. Kila mwisho wa bomba una kichwa cha chuma chenye kipira ndani, mafundi wanakiita rotule. Kikikazwa mno, rubani anapigana na fimbo. Kikilegea, kinakuwa na jeu, kile kinafasi cha kuchezacheza, na mkia unatetemeka huko angani. Papa Balagizi alikizungusha kidogo, akafunga, akajaribu, akafungua tena. Boliti ilipaswa kuingia kwa kidole; iliyoomba nyundo aliikataa. Alitaka fimbo iende laini kama mkono wa mama anayesukasuka kibuyu cha maziwa. Sisi tunaoshona kitambaa cha mabawa tulichoka kumtazama. Lakini siku alipomaliza, mkia ulipanda na kushuka bila sauti, akasimama pale akitabasamu peke yake. Hamu yake ilikuwa moja: aione ikiruka kabla hajastaafu.

Sasa, mnajua tulivyo. Kiti kizuri cha sebuleni kinavikwa kitambaa, kinangoja mgeni. Papa Balagizi alikifanyia kiti cha rubani vilevile. Alikiacha ndani ya nailoni yake, akakataza makalio yoyote mpaka padiri abariki. Miezi yote ile alisimama nje, akaingiza mkono dirishani, akasukuma fimbo. Kiti kitupu.

Mwezi wa tano padiri alikuja. Maji yalinyunyizwa, mbuzi yuko motoni, watu wamejaa. Gracia, binti yake Damascène aliyesomea urubani, akakaa, akavuta fimbo ili apigwe picha. Kibawa cha mkia kikapanda, watu wakapiga makofi. Kikarudi, lakini kwa kuchelewa kidogo. Papa Balagizi alikuwa amesimama mkiani na mkono juu ya bati. Alisikia mkwaruzo. Kiti kilikuwa kimeshuka kwa uzito wa muntu, kikalalia bomba linalopita chini yake.

Damascène alimwambia taratibu kwamba fimbo bado inakwenda, grisi kidogo itatosha, na siku ya majaribio imekwisha kupangwa. Wageni walikuwa wanamtazama. Papa Balagizi angeweza kunyamaza, na mwezi huu angeiona juu ya ziwa.

Alimwendea Gracia dirishani. “Toka mule, mwanangu. Nilipima kiti bila muntu. Kosa ni yangu, na hii ndege haiende popote.”

Akavua koti, akafungua kazi yake ya miaka minne mbele ya wote. Mbuzi tulimla tukimtazama. Hakuna aliyemcheka, na Gracia ndiye aliyemshikia taa.

Tangu siku ile anajenga upya: njia ya bomba imeshushwa, miguu ya kiti imeinuliwa, rotule zinapimwa muntu amekaa kitini. Haitakwisha kabla ya tarehe thelathini. Anastaafu ndege ikiwa chini, na Gracia akiwa mzima. Mimi sijui sifa nyingine inayopita hiyo.

Asante, Papa Balagizi. Asante Maman Dative, uliyefua grisi ile miaka yote na kutuachia mume wako. Mungu awape usingizi mrefu, mihogo minene, na milango isiyolia.

Na ninyi watoro, sikilizeni. Mkija tena, msianzie jikoni. Mwanamke na mwanaume, mnene na mwembamba, kila mmoja apande akae kwenye kile kiti, nailoni tumeishaitoa, avute fimbo mpaka mwisho, huku Papa Balagizi amesimama mkiani anasikiliza. Akiitikia kwa kichwa kwamba ni sawa, shukeni, mnawe mikono, mle.